Bei ya Nusu Habari

Juzi nilipokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Haikuwa sauti ya mtu, ilikuwa sauti ya gari. Kijana mmoja wa hapa Kilibula alikuwa ameweka simu yake juu ya motere, yaani injini, inayonguruma, akaniacha nisikilize kelele hizo mpaka chai yangu ikapoa, kisha mwishoni akasema maneno machache: "Papa Diplome, umesikia mwenyewe. Ni ngapi?"

Nilikuwa nimesimama, ikabidi niketi. Nimekaa katika kazi ya magari tangu ndevu zangu zilipoanza kuota hadi zilipokuwa nyeupe, na bado watu wanaweza kunishtua. Hakusema gari ni la aina gani. Hakusema kelele ilianza lini, baada ya tukio gani, wala kama inasikika gari likiwa limesimama au likipanda. Alinipa kelele, akataka bei, kama mtu anayempigia daktari simu, anakohoa, halafu anauliza dawa ni pesa ngapi.

Sikumpa bei. Nimeandika haya badala yake, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaonunua magari siku hizi kabla hamjajua kapo, kile kifuniko cha motere, inafunguliwa wapi.

Niwaambie kwanza ni nani anayesema nanyi, maana hapa Uvira mashauri ya bure ni mengi kuliko ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilivuka ziwa nikiwa kijana, wakati wa vita, sina kitu ila shati nililovaa. Kigoma nilibeba magunia bandarini na kwa nguvu za mgongo wangu nikajilipia masomo ya ufundi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna padri aliyeniandikia barua. Wenzangu wengi walirudi na redio. Mimi nilirudi na diploma ya ufundi wa magari, na sanduku la funguo ambalo wanaume wawili walishindwa kulishusha kwenye boti, nikalishusha mwenyewe. Nilipofungua garaji yangu niliitia diploma ile kwenye kioo, nikaitundika mahali ambapo mteja akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Watu wakaanza kuniita Papa Diplome. Wengine walikuwa wananicheka. Nikalipokea jina kama cheo, na hadi leo nikiitwa vingine sigeuki.

Sasa tusikilizane.

Kule Kigoma, mwalimu wetu wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele, alikuwa na tabia iliyotukera sana. Mteja akileta gari na kusema linasumbua kuwaka asubuhi, mwalimu hakushika ufunguo. Aliweka kiganja juu ya motere. Ikiwa ya moto, alimwambia mteja aliache gari hapo, aende zake, arudi kesho alfajiri waliwashe pamoja. Wateja walikasirika: gari liko hapa, fundi uko hapa, kesho ya nini? Naye aliwajibu kwamba ugonjwa wa asubuhi hauonekani mchana.

Sisi wanafunzi tulidhani ni uvivu. Baadaye nikaelewa. Gari lililokwisha pata joto linawaka kwa utii kama mtoto mbele ya wageni. Fundi akiliangalia wakati huo, hataona kitu, na akilazimishwa kusema bei, atabahatisha. Na bei ya kubahatisha ina tabia moja tu: haijawahi kushuka. Kwa hiyo ukitaka bei ya kweli, lipeleke gari likiwa katika hali ile ile linapoumwa. Linaumwa asubuhi, lilale garajini. Linaumwa likibeba mzigo, lipeleke na mzigo.

Nilirudi Uvira na mafundisho hayo, nikakuta desturi ambayo hakuna mwalimu aliyenionya juu yake. Hapa kwetu gari haliendi garaji likiwa chafu. Mnajua wenyewe: hatumpeleki mgonjwa hospitali bila kumwogesha na kumvika nguo ya misa, hata kama homa inamtetemesha, maana watu watasema nini? Na gari vilevile. Asubuhi mteja analipeleka mtoni, Mulongwe au Kalimabenge, vijana wanalisugua nje, wanafungua kapo, wanaimwagia motere mazutu, mafuta ya dizeli, na sabuni mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi. Halafu analileta kwangu na kusema: "Papa, inapoteza mafuta. Uangalie ni wapi."

Niangalie wapi, na ushahidi uko ziwani? Mafuta yanayovuja huacha njia. Vumbi linaganda pale yalipopita, na ukifuata njia hiyo kwa kidole unafika kwenye kidonda chenyewe. Gari lililoogeshwa ni kama nyumba iliyoibiwa, halafu mama akafagia vizuri kabla polisi hawajafika. Mara ya kwanza nilidhani mteja ananitania. Mara ya pili nilishtuka zaidi, kwa sababu mteja alisimama kando akingoja nimsifu kwa usafi. Nikaandika kwa chokaa ukutani, chini ya diploma, kwa herufi kubwa: GARI CHAFU LINAKARIBISHWA. Watu walisoma, wakacheka, wakaenda kuosha.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa samaki, mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyeniletea gari akitaka bei ya kuondoa kelele katika motere. Nikaketi kwenye usukani. Pale mbele, penye taa ndogo za kumwonya dereva, palikuwa na picha ya kwaya ya parokia, imebandikwa kwa gundi. Nikamuuliza kwaya inafanya nini pale. Alinieleza kwa upole kwamba kulikuwa na kataa kadogo kekundu kalikokuwa kakimsumbua macho akisafiri usiku. Nikaibandua kwaya. Chini yake taa ya mafuta ya motere ilikuwa inawaka, nyekundu kama kaa. Sijui ilikuwa imewaka kwa muda gani huku waimbaji wakiwa wameifunika. Alikuwa amekwisha zunguka garaji nyingine mbili akiuliza bei, na kote alitaja kelele, hakuna alikotaja taa. Kila garaji ilimpa bei ya kelele. Nilikuwa bado nimeishika ile picha, na yeye akaniomba nisiikunje.

Wako pia mabosi wanaomtuma shoferi kuuliza bei. Shoferi huyo ndiye aliyegonga jiwe kule Makobola, na hawezi kulitaja jiwe kwa sababu bosi atamkata mshahara. Basi anafika, anatabasamu, anasema gari linavuta upande wa kushoto, hajui kwa nini, labda ni upepo. Msimtume mtu mwenye hofu kwenda kueleza ugonjwa. Aende yule anayeliendesha kila siku, na aende akijua kwamba akisema kweli hataadhibiwa.

Lakini hayo yote ni vichekesho ukilinganisha na habari ya Nestori, na ndiyo hasa nilitaka kuwasimulia.

Nestori alikuwa mkulima wa Lubarika, Murundi wa bonde la Ruzizi, Mkatoliki wa benchi la mbele, mtu wa akili na wa kazi. Alilima mpunga na mihogo mpaka akanunua kamioneti iliyokwisha tumika, ile yenye siti mbele na nafasi ya mizigo nyuma. Wakati ninaosimulia, mdogo wa mke wake alikuwa anaoa Bukavu. Familia ilipaswa kupanda kupeleka mahari, na Nestori alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mama mkwe wake hatapanda gari la kukodi. Atasafiri katika gari la mkwewe, na atakaa mbele. Nyinyi mnaojua jinsi Warundi wanavyomheshimu mama mkwe hamhitaji nieleze zaidi. Ahadi kwa mama mkwe haina mlango wa nyuma.

Na njia ya Bukavu mnaijua. Kutoka Lubarika hadi Kamanyola ni tambarare, hata mbuzi anaweza kuendesha. Baada ya hapo kuna Ngomo, barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Kupanda Ngomo ni kazi ya motere, na motere ikishindwa utasimama tu. Kushuka ni kazi ya freni, na freni zikishindwa husimami.

Alikuja Uvira katikati ya juma, safari ikiwa Jumamosi. Gari lilikuwa limeoshwa, bila shaka. Mke wake, Mama Furaha, alikuwa amekuja naye kununua vitenge vya sherehe, akaketi kivulini na mtoto mgongoni kungoja tumalize. Nestori alinisalimia vizuri, akasema: "Papa Diplome, freni iko nalia kidogo. Unifanyie devi ya plaketi tu."

Devi ni karatasi ya makadirio ya bei, na plaketi ni zile pedi zinazobana gurudumu unapokanyaga. Lakini angalieni alivyosema. Hakuniambia ugonjwa, aliniambia dawa. Mteja akitaja dawa, fundi mvivu anafurahi, kwa kuwa bei ya plaketi inajulikana. Anaandika, anafunga plaketi, ananawa mikono. Mimi sikusomea kuuza plaketi. Nikaanza kumhoji. Kelele ilianza lini? Hakumbuki. Pedali iko juu au inazama? Iko muzuri. Mafuta ya freni yanapungua? Hapana, hata kidogo.

Nikafungua kapo. Chupa ya mafuta ya freni ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na hapo nikaanza kukuna kichwa. Plaketi zikichakaa, mafuta hushuka kidogo chupani, ndivyo yalivyo magari yote. Huyu anasema plaketi zimekwisha, na chupa imejaa pomoni. Kitu fulani hakikukubaliana na kingine. Lakini kila mahali palisuguliwa, sikuwa na alama ya kufuata.

Basi nikafanya ninachofanya kabla ya kuandika devi yoyote. Nilimwambia anitembeze. Yeye aendeshe, mimi nikae kando, na aendeshe kama anavyoendesha kwao. Siku hizi mna skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, mnaichomeka chini ya usukani na inawaambia maneno. Ni kitu kizuri, na mimi mwenyewe nilinunua mapema kuliko wengi mjini. Lakini skana inasoma motere, haimsomi dereva. Fundi asiyetaka kupanda gari lako kabla ya kukupa bei, msalimie kwa heshima, uondoke. Na usimwachie yeye usukani mara moja, kwanza akuone wewe ukiendesha. Mdomo umezoea kubishana bei sokoni. Mguu haujawahi kwenda sokoni.

Tulishuka kuelekea ziwani. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala kichwani akavuka mbele yetu. Nestori akakanyaga freni, akaachia, akakanyaga tena, akaachia, akakanyaga ya tatu, na gari likasimama polepole. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, alikuwa ananieleza habari za mihogo iliyoshikwa na ugonjwa. Tukafika kwenye tuta, akafanya vilevile. Kwenye kona alianza kukanyaga kabla kona yenyewe haijaonekana.

 Nilimuuliza kwa nini anapiga freni mara tatu.

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini anavuta pumzi.

"Si magari yote iko vile? Ya kwanza ni ya kuiamsha."

"Kuiamsha."

"Ya kwanza inaamka, ya pili inasikia, ya tatu inatii. Minye nilizoea."

Vijana, pedali ya freni haina usingizi. Inapaswa kutii mguu unapoigusa, mara moja, leo na kesho. Ikihitaji kubembelezwa, kuna mahali nguvu zake zinatoroka, na mguu wako unafanya kazi ya kuzijaza upya kila mara. Bondeni una nafasi ya kuamsha na kungoja. Ngomo haikungoji. Na mtu huyu alikuwa amekusudia kumweka mama mkwe wake mbele, kisha kujaza ndugu na makreti ya vinywaji nyuma.  Nilimwonyesha kwa kidole tu kwamba turudi, na tukarudi kwa gia ya kwanza, mimi nikiwa nimeshika freni ya mkono kama mtoto anavyoshika kitenge cha mama yake.

Nilivua gurudumu la nyuma. Vijana wa mtoni walisugua nje tu, ndani hawakufika, na ndani kulikuwa kumelowa. Mpira mdogo unaozuia mafuta ya freni yasitoke ulikuwa umekatika, na upande wa pili ulikuwa njiani kukatika. Pampu yenyewe, ile iliyo mbele chini ya kapo, nayo ilikuwa imechoka. Nikaandika devi: plaketi, mipira ya nyuma, pampu, mafuta mapya, na chini yake nikaongeza mengine niliyoyaona, honi isiyolia, amortiseri ya upande mmoja, kile kizuia mtikisiko, na mlango usiofunga vizuri. Bei za vitu niliziweka kando na bei ya mikono yangu, kila kimoja peke yake, kwa sababu devi iliyofungwa katika jumla moja ni gunia lililoshonwa: hujui ndani ni mchele au ni mawe.

Nestori alisoma, akairudisha karatasi.

"Minye niliomba bei ya mulango, weye unanipa bei ya nyumba yote."

Alisema garaji nyingine ilikwisha mpa bei ya plaketi kwa simu, ndogo sana, na hawakumwuliza maswali kama askari wa mpakani. Nilimjibu kwamba fundi yule hakukosea, aliuza kile alichoambiwa. Hapo ndipo Nestori alipotoa neno ambalo nimelisikia midomoni mwa watu wengi, ila hakuna aliyelitoa waziwazi kama yeye: ukimwambia mekanisie yote, atakuuzia yote.

Sitamcheka kwa neno hilo, na nyinyi msimcheke. Ndivyo tulivyolelewa kununua. Ukitaka mbuzi, huonyeshi kwamba unamtaka. Unamtafutia kasoro, unageuka kama unayeondoka, unaficha njaa yako. Na mafundi wezi wapo, nawajua kwa majina, wengine walijifunza kwangu kabla sijawafukuza. Lakini sokoni muuzaji ndiye aliyemfuga mbuzi, wewe ni mgeni. Garajini mambo yamegeuka: wewe ndiye uliyemfuga mbuzi, fundi ndiye mgeni. Ficha mfuko wako ukipenda. Ukificha ugonjwa, umejidanganya mwenyewe.

Nilimweleza hivyo. Alinyoosha mkono, akaomba ufunguo wa gari. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu tuliporudi, na sikuutoa.

Akapaza sauti. Majirani wakasogea, maana ugomvi wa garaji ni sinema isiyolipiwa. Nestori akawaambia kwamba Papa Diplome amelikamata gari la mtu kwa nguvu ili auze vyuma vyake. Mimi sikupaza sauti. Mama Furaha akainuka kule kivulini, akaja akiwa na furushi la vitenge mkononi, akaniuliza mume wake amefanya nini. Nikamwambia kwamba freni zinavuja, lakini chupa yake imejaa, na chupa inayovuja haijai yenyewe.

"Anaijaza kila asubuhi," alisema. "Minye ndiye ninamshikia kifuniko."

Nestori akatazama chini. Nilimuuliza mke wake, tangu lini? Akafikiri. Akasema tangu siku ya ng'ombe, kule Runingu. Halafu akaanza kunisimulia kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaka kumtetea mume wake mbele ya wageni. Walikuwa wanatoka Uvira, wamejaza watu nyuma juu ya magunia, yeye akiwa mbele na mtoto huyu huyu. Ng'ombe wakaingia barabarani ghafla. Dereva mwingine angewapitia juu. Nestori aliliingiza gari katika shamba la mpunga ili kuwaokoa, likazama kwenye matope, hakuna aliyeumia, hakuna ng'ombe aliyeguswa. Kijiji kizima kilimsifu. Mwenye ng'ombe alikuja mpaka Lubarika na kibuyu cha maziwa kumshukuru.

Majirani walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa namwangalia Nestori. Nilimwambia polepole anieleze mguu wake ulifanya nini siku ile, mguu tu, mengine ayaache.

 Akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Nilikanyaga ikazama mpaka chini," alisema. "Nikakanyaga tena. Hakukuwa kitu. Hata ng'ombe sikuwaona vizuri, nilitafuta tu mahali palipo laini."

Hakuna aliyecheka. Nimeona magari yaliyopinduka, nimeona motere ikiwaka moto mikononi mwangu, lakini mshtuko wa dakika ile bado uko kifuani. Mtu alipata onyo kubwa kuliko yote, akaliogopa, akaenda kununua mafuta ya kujazia chupa. Watu wakamwita shujaa, na kila aliyemsifu aliufunga mdomo wa Nestori zaidi. Angewezaje kuja kwa fundi na kusema freni zilikufa Runingu? Angekuwa anarudisha maziwa.

Mama Furaha alimhamisha mtoto kutoka mgongoni, akamshika kifuani.

"Maziwa yale tulikunywa wote," alisema. "Na Jumamosi ungemuketisha mama yangu mbele."

 Alirudi kuketi, lakini safari hii aliketi mbele ya gurudumu lililovuliwa, akitazama ile mipira iliyokatika kama mtu anayetazama nyoka aliyeuawa ndani ya nyumba.

Nestori aliniomba ile devi tena. Akaisoma upya, kidole kikipita kila mstari. Nilijiandaa kwa ubishi. Badala yake aliniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kazi wateja wachache sana wamewahi kuniuliza.

"Papa, ni nini inaweza kungoja, na ni nini haiwezi?"

Shikeni swali hilo. Hilo ndilo linalotenganisha devi na ubishi. Tulichukua kalamu tukakaa pamoja. Honi ikangoja, atapiga kelele kwa mdomo. Mlango ukangoja, utafungwa kwa kamba. Amortiseri ikangoja mavuno. Pampu haikungoja, mipira haikungoja, plaketi hazikungoja. Akauliza kama pampu ya kutumika haipatikani. Nikamwambia kioo cha kutumika sawa, mlango wa kutumika sawa, lakini kitu cha kusimamisha gari hununui kilichokwisha choshwa na mtu mwingine. Akaomba nimpe vyuma vya zamani nikivitoa, avishike kwa mkono wake, nami nikafurahi, maana mteja anayeomba chuma cha zamani amekwisha kuwa mtu mzima. Ikabidi pampu itoke Bujumbura. Iliingia Ijumaa mchana, na kwa kuwa mimi ni mimi, jioni ile ile ilikuwa imefungwa, mafuta mapya yamepita, hewa yote imetolewa.

Tukaenda kujaribu kwenye mteremko unaotoka milimani. Mguu wa Nestori haukuwa umeambiwa habari za pampu mpya. Ulikanyaga kwa nguvu yake ya kuamsha, na gari likasimama pale pale, kifua chake kikagonga usukani. Akaniangalia kwa mshtuko mkubwa kuliko wangu wote.

"Ndivyo iko?" aliuliza.

"Ndivyo inapaswa kuwa," nilimjibu. "Sasa uende polepole, na kushuka utumie gia ile ile uliyopandia."

Walipanda Jumamosi. Jumapili nilikwenda misa, nikarudi, nikaketi uani na simu kwenye goti. Najua kazi yangu, na ile kazi niliifanya kama nilivyofundishwa na zaidi. Lakini fundi aliyeshika freni za watu hana Jumapili mpaka watu hao wameshuka. Chakula kililetwa, kikapoa. Mke wangu aliniambia nile, nikamwambia baadaye.

Simu iliita alasiri. Alikuwa Mama Furaha, na nyuma yake nilisikia wauza ndizi wakigombania wateja, nikajua wako Kamanyola, chini. Sikusalimia hata. Niliuliza mteremko ulikuwaje.

"Papa, hata sijui niseme nini," alisema. "Mama alisinzia huko juu, akalala njia yote. Ndiyo tumemuamsha sasa, anauliza Ngomo iko wapi."